Maswali ya Wasomaji kwa Fundi: Pikipiki inazima njiani tangu nilipotengeneza njia ya mafuta mwenyewe

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa bodaboda hapa Ifakara, mkoani Morogoro. Pikipiki yangu ni ya cc 125 na inatumia kabureta. Mwezi uliopita mpira unaoshusha mafuta kutoka kwenye tanki ulipasuka, na kwa kuwa sikuwa na fedha ya fundi niliamua kutengeneza mwenyewe. Nilifunga kipande cha mpira mweupe wa kupimia levo, nilichopewa na jirani yangu ambaye ni fundi ujenzi, nikaongeza chujio la karatasi nililonunua kwenye duka la vipuri vya magari, kisha nikafungua kabureta, nikaiosha kwa petroli na kuzibua vitundu vyake kwa sindano ya kushonea. Mafuta yalipogoma kushuka niliyavuta kwa mdomo. Halafu, kwa kuwa petroli ilikuwa inanirukia mapajani kila nikipita kwenye mashimo, nilikata duara la mpira kutoka kwenye tyubu kuukuu na kuliweka chini ya kifuniko cha tanki ili kibane vizuri.

Tangu siku hiyo pikipiki inawaka kwa kiki ya kwanza, lakini nikitembea kama kilomita moja na nusu inaanza kukosa nguvu, inakohoa, kisha inazima kabisa. Nikisubiri dakika kumi inawaka tena, na baada ya mwendo mfupi inazima tena. Kinachonishangaza ni kwamba nikijaza tanki hali inakuwa mbaya zaidi, lakini mafuta yakikaribia kwisha naweza kwenda hata kilomita kumi bila tatizo. Tena, nikiachia mkono wa mafuta kwenye mteremko, mara nyingine inazima. Nimebadilisha plagi bila mafanikio, na fundi mmoja ameniambia ninunue CDI na koili, vile vifaa vya umeme vinavyoleta cheche kwenye plagi. Fedha hiyo nitalazimika kuikopa. Naomba ushauri wako.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usikope. Inawezekana kabisa kwamba hutahitaji kununua kifaa chochote cha umeme, kwa sababu barua yako imeeleza tatizo kwa makini kuliko wengi wanaoniandikia, na jambo lile lililokushangaza ndilo linalotuonyesha mahali pa kuanzia.

Kabla sijafika huko, nakusihi uache kabisa kuvuta petroli kwa mdomo. Wengi wanadhani hatari yake ni kuimeza tu. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile ya tone kupotea njia na kuingia kwenye mapafu, kwa kuwa petroli ni nyepesi, husambaa haraka na huunguza mapafu kwa namna inayoweza kuua. Ikitokea mtu amemeza petroli, msimtapishe, kwa sababu inaporudi ndipo inapopata nafasi ya pili ya kuingia kwenye njia ya hewa. Mpelekeni hospitali mara moja. Mafuta yakigoma kushuka, kuna sababu, na kazi ya fundi ni kuitafuta sababu hiyo.

Sasa tuitazame pikipiki yako. Katika pikipiki kama hiyo hakuna pampu. Petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe kutoka kwenye tanki, ikapita kwenye koki, ikafuata mpira hadi kwenye bakuli dogo lililo chini ya kabureta, na humo kuna boya linalopanda pamoja na mafuta na kuisukuma sindano ndogo ifunge mlango pindi bakuli linapojaa. Bakuli hilo hubeba petroli kidogo sana, kiasi cha vijiko viwili au vitatu vya chakula. Pikipiki ya cc 125 inayokwenda kilomita 50 kwa lita moja hutumia mililita 20 kwa kilomita, kwa hiyo bakuli lenye mililita 30 humalizika baada ya kilomita moja na nusu, umbali uleule ulioutaja. Pikipiki yako haizimi kwa bahati mbaya barabarani. Inatumia akiba iliyokuwamo kwenye bakuli, na akiba ikiisha hakuna mafuta mapya yanayofika kwa kasi inayotosha.

Kinachoweza kuyazuia ni kimoja kati ya vitu vitatu ulivyovigusa, yaani mpira, chujio au kifuniko cha tanki, na hapa ndipo tanki lililojaa linapotupa jibu. Kama kizuizi kingekuwa chujio au mpira peke yake, tanki lililojaa lingekusaidia, kwa kuwa mafuta yaliyo juu zaidi husukuma kwa uzito mkubwa zaidi. Kwako mambo yako kinyume. Kifuniko cha tanki kina tundu dogo la kuingizia hewa, wakati mwingine limejificha kwenye kufuli au chini ya mpira wake wa asili, na kazi yake ni kuruhusu hewa iingie kuchukua nafasi ya mafuta yanayotoka. Nadhani duara ulilokata kwenye tyubu limeliziba tundu hilo. Mafuta yanapotoka na hewa isiingie, ombwe, yaani upungufu wa hewa, hujengeka ndani ya tanki na kuyavuta mafuta kwa juu, mpaka uzito wake unashindwa kuyashusha. Tanki likiwa limejaa, hewa iliyomo juu ya mafuta ni kidogo, hivyo hata kutoka kwa kiasi kidogo cha petroli huleta ombwe kubwa upesi. Tanki likiwa karibu tupu, hewa ni nyingi, nayo hutanuka taratibu bila kuleta madhara kwa muda mrefu. Zile dakika kumi unazosubiri ni muda ambao hewa hupenya polepole kwenye nyuzi za kifuniko na bakuli likajaa tena. Kila mama aliyewahi kutoboa kopo la maziwa anajua kwamba tundu moja halitoshi.

Hata hivyo, nadharia nzuri si uthibitisho, na nisingependa ubadilishe kitu kwa kuniamini tu. Ondoka nyumbani ukiwa na tanki lililojaa, bisibisi na kikopo kidogo cha bati. Pikipiki ikizima, usipige kiki na usifungue kifuniko. Isogeze pembeni, funga koki, subiri injini ipoe kidogo ili petroli isidondokee bomba la moshi lenye moto, kisha legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta huku umekinga kikopo. Ukipata matone machache tu, bakuli ni kavu na tatizo ni la mafuta. Ukipata vijiko viwili au vitatu, mafuta yalikuwapo, na hapo nitamwomba radhi yule fundi wako, kwa sababu koili iliyochoka nayo huwa na tabia ya kufanya kazi ikiwa baridi na kukata cheche ikipata moto. Katika hali hiyo mwambie akague cheche palepale injini ikiwa imezima na bado ina moto, kwani kuikagua asubuhi ikiwa baridi hakutamwambia lolote. Usimwage ulichokinga kabla ya kukitazama: ukiona vitone vyenye umbo la shanga vimetulia chini ya petroli, hayo ni maji, ambayo si ajabu kwa mtu anayenunua mafuta ya chupa vijijini.

Kama bakuli limekuwa kavu, rudisha skrubu, fungua koki, kisha fungua kifuniko cha tanki huku umetega sikio. Ukisikia hewa ikivutwa kwenda ndani, na baada ya nusu dakika pikipiki ikawaka na kwenda kama kawaida, jibu umelipata. Litoe lile duara la tyubu usilirudishe tena. Hata lingetobolewa lisingefaa, kwa sababu mpira wa tyubu hauvumilii petroli. Huvimba, hulainika, na vipande vyake huja kuziba koki. Nunua mpira wa kifuniko uliotengenezwa kwa ajili ya pikipiki, au kifuniko kizima kama cha zamani kimechakaa. Lizibue tundu la hewa kwa kupuliza hewa ya pampu ya matairi, ukiwa umekitoa kifuniko na kukipeleka mbali na tanki. Petroli iliyokuwa inakurukia ilitokana na mpira wa kifuniko uliokwisha, au na kujaza tanki hadi mdomoni. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya shingo ya tanki na utaona tofauti.

Ingawa namshuku zaidi mshukiwa huyo, kifuniko, wale wengine wawili siwezi kuwaacha huru, kwa kuwa hata kama leo hawajakuzimisha, kesho watakuzimisha. Mpira wa levo umetengenezwa kubeba maji. Petroli hunyonya kile kinachoufanya uwe laini, na baada ya wiki chache hukauka, huwa mgumu na kupasuka, hasa pale unapobanwa na klipu. Na kabla ya kufikia hapo, sehemu iliyo karibu na joto la injini hulegea na kujikunja. Mpira unaovuja petroli juu ya injini yenye moto unaweza kukuteketeza wewe na abiria wako. Nunua mpira wa mafuta wa pikipiki wenye kipenyo cha ndani kinachobana kwenye koki bila kulazimishwa, ukate urefu unaotosha tu, na uhakikishe unateremka mfululizo kutoka kwenye koki hadi kwenye kabureta. Mpira mrefu unaoshuka, ukapanda kama mgongo wa ngamia, kisha ukashuka tena, hukamata hewa pale juu, na hewa hiyo huzuia mafuta kana kwamba umefunga koki.

Kuhusu chujio la gari, kosa lako linaeleweka, kwa sababu dukani yanafanana. Lakini fikiria kinachoyasukuma mafuta. Kwenye gari la kisasa pampu husukuma petroli kwa shinikizo la takriban kilopaskali 300. Kwako, mafuta yaliyo sentimeta 30 juu ya kabureta husukuma kwa kilopaskali 2 na ushee, kiasi kisichofika hata sehemu moja ya mia ya nguvu ile. Karatasi nene ambayo pampu huipita bila shida inaweza kuwa ukuta kwa mafuta yanayoshuka kwa uzito wake tu, na hii nadhani ndiyo sababu yaligoma kushuka ukaishia kuyanyonya. Tafuta chujio dogo la pikipiki lenye wavu mwepesi. Ukiona ndani yake kuna kiputo cha hewa na halijajaa, usihangaike. Mafuta yakipita vizuri, kiputo hicho hakina neno.

Ukishafunga mpira na chujio vipya, pima. Zima injini, fanya kazi hii nje, mbali na jiko, sigara na kitu chochote chenye cheche, kisha chomoa mpira upande wa kabureta, uelekeze kwenye chombo cha bati chenye alama za ujazo na ufungue koki kwa dakika moja kamili. Mimi hutaka kuona si chini ya mililita 150, zikitiririka kwa mkondo usiokatika. Rudia kipimo hicho kifuniko kikiwa kimefungwa, mara mbili au tatu mfululizo. Mkondo ukianza kwa nguvu kisha ukanyauka, hewa bado haiingii. Ukiwa mdogo tangu mwanzo hata kifuniko kikiwa wazi, toa koki uutazame wavu wake wa ndani, kwa kuwa matanki ya pikipiki zetu hupata kutu kwa ndani na unga wa kutu hukaa papo hapo. Petroli uliyoipima irudishe kwenye tanki baada ya kuichuja kwa kitambaa safi. Tafadhali usiiache ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Watoto wengi wa mafundi wamefika hospitali kwa njia hiyo.

Limebaki lile la kuzima unapoachia mafuta kwenye mteremko, ambalo ni tatizo jingine kabisa, na inafaa uliache mpaka la kwanza liishe. Ukirekebisha mambo mawili kwa siku moja hutajua lipi lililoponya na lipi lililoharibu. Hapo ninaishuku sindano ya kushonea. Jeti ndogo, ile inayolisha injini inaponguruma bila kuvutiwa mafuta, ina tundu lisilofika nusu milimeta, nayo imetengenezwa kwa shaba nyeupe au ya njano ambayo ni laini kuliko chuma cha sindano. Chukua tundu lenye kipenyo cha milimeta 0.38: likitanuka hadi 0.40, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, eneo lake limeongezeka kwa takriban asilimia 11. Hakuna skrubu itakayoficha kosa hilo kwa uhakika. Jeti huzibuliwa kwa dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya kompresa, na ikishindikana huloweshwa usiku mzima. Chuma hakiingizwi humo. Kuna uwezekano pia kwamba hukuitanua bali uliuacha uchafu ndani ya njia yake nyembamba, kwa hiyo itoe, ielekeze kwenye mwanga, na uone kama unapata duara safi. Ukiwa na shaka nunua mpya yenye namba ileile iliyochongwa juu yake.

Kisha rekebisha skrubu ya mchanganyiko. Ikaze taratibu mpaka iguse tu, maana ukiilazimisha ncha yake huvunjika na kubaki ndani, halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu hadi miwili, ambao ni mwanzo mzuri kwa kabureta nyingi za aina yako. Washa injini, iache ipate moto, uizungushe robo kwa robo ukitafuta pale mngurumo ulipo juu na tulivu zaidi. Mafundi wengi hukosea hapa kwa kudhani skrubu zote ni sawa: ile iliyo upande wa chujio la hewa hurekebisha hewa, kwa hiyo kuifungua kunapunguza ukali wa mafuta, ile iliyo upande wa injini hurekebisha mafuta, na kuifungua kunayaongeza. Ukishindwa kupata utulivu popote, rashia maji kidogo kwenye kiungo kati ya kabureta na injini. Mngurumo ukibadilika ghafla, hewa inapenya hapo, na yawezekana oringi yake, ile pete ya mpira, ilikatika ulipoifungua, au ulikaza nati mbili za kabureta kupita kiasi hadi uso wake ukapinda.

Niandikie ukishapata majibu ya kikopo. Ningependa kujua kama nilikosea.

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni mkulima hapa Kakamega, Kenya. Nilisafisha kabureta ya pikipiki yangu nikafunga kila kitu kama kilivyokuwa. Inatembea vizuri, lakini nikiiegesha usiku petroli inadondoka kutoka kwenye kile kimpira cha chini ya kabureta, na asubuhi inawaka kwa taabu na kutoa moshi mweusi, kisha ikizimika inakataa kuwaka mpaka niipumzishe. Je, kabureta imekufa?

JIBU: Habari ni njema, ndugu yangu. Kabureta yako haijafa, ila mlango wa mafuta haufungi. Kimpira hicho kimewekwa ili bakuli likijaa kupita kiasi petroli imwagike nje badala ya kuingia kwenye injini, kwa hiyo kinakuonya, na nakuomba usikizibe.

Kuanzia leo, funga koki kila unapoegesha. Halafu, kabla hujaiwasha tena, chomoa kijiti cha kupimia oili, ukinuse na utazame kina. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepanda juu ya alama bila wewe kuiongeza, sehemu ya mafuta yaliyofurika imepita kwenye silinda na kushukia chini. Oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kulinda chuma, na safari moja tu ya sokoni inaweza kuikwaruza injini nzima. Imwage yote, weka mpya, lakini fanya hivyo baada ya kuziba chanzo, la sivyo utaimwaga mara mbili.

Chanzo utakipata ndani ya bakuli. Itoe sindano ya boya uipitishe ukucha kwenye ncha yake. Ukihisi mkwaruzo au pete iliyochimbika, ibadilishe. Ikiwa laini, futa kikalio chake kwa kijiti kilichozungushiwa kitambaa laini, kwa sababu mara nyingi baada ya usafi punje moja ya mchanga ndiyo hubaki pale. Litikise boya karibu na sikio: ukisikia majimaji ndani, limetoboka, limekuwa zito na haliwezi kuinua sindano. Kama husikii kitu na bado una shaka, lizamishe kwenye maji ya moto, ambayo utayachemsha kwanza na kuyaepua mbali na moto kabla ya kulileta boya lenye petroli. Hewa iliyo ndani yake itatanuka na viputo vitakuonyesha tundu lilipo. Usilizibe kwa gundi, kwani petroli itaibandua. Mwisho kagua pini inayolishikilia boya, kwa kuwa ikiingizwa upande boya hukwama likiwa chini, na petroli haitaacha kumwagika hata vifaa vyote vikiwa vipya.

Ukishafunga, fungua koki ukiwa hujawasha injini, weka karatasi kavu chini ya kimpira, na ungoje dakika 20. Karatasi ikibaki kavu, mwaga ile oili, weka mpya, kisha uiwashe.